Marejesho ya Kodi na Madeni: Hesabu Inayosomwa Upande Mmoja

Kwa mfanyabiashara wa Katesh wilayani Hanang au Dongobesh wilayani Mbulu, kodi ni fedha inayotoka mfukoni na kwenda zake. Kwamba inaweza kurudi, wachache hulifikiria. Hata hivyo sheria ipo na iko wazi: aliyelipa kodi zaidi ya anayostahili kulipa anaweza kuomba arejeshewe kilichozidi. Sheria hiyo hiyo inaweka sharti moja ambalo ndilo kiini cha makala haya. Kabla Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) haijatoa hata senti, inaangalia kama mwombaji anadaiwa kodi yoyote. Akidaiwa, deni linakatwa kwanza, na kinachobaki, kama kipo, ndicho chake.

Utaratibu huu nauona wa haki kwa asili yake. Haiingii akilini serikali imkabidhi mtu milioni mbili leo, kisha kesho imtumie notisi ya kumdai milioni hizo hizo. Kenya nayo inafanya hivyo kupitia Sheria yake ya Taratibu za Kodi ya 2015, na nchi nyingi zina kifungu cha namna hii. Malalamiko yangu yako kwingine. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, ambako mnunuzi mkubwa wa bidhaa na huduma kwa mwaka mzima ni serikali yenyewe, madeni husomwa upande mmoja tu. Deni la mwananchi kwa serikali linaonekana kwenye mfumo na linakatwa juu kwa juu. Deni la serikali kwa mwananchi huyo huyo halionekani popote pale hesabu ya kodi yake inapofungwa.

Kwanza tujue ni nani hasa anayeweza kudai marejesho katika wilaya hizi, maana wengi hawamo.

Mwalimu wa Haydom au muuguzi wa Mbulu hayumo kwa kawaida. Mshahara wake ukizidi shilingi 270,000 kwa mwezi unakatwa kodi na mwajiri, na kama ana mwajiri mmoja tu hesabu inaishia hapo. Hajazi ritani kila mwaka wala hasubiri hundi ya serikali. Marekani ni tofauti kabisa: mamilioni ya waajiriwa hujaza ritani kila mwaka na wengi wao hurudishiwa fedha, na ndiyo maana serikali kuu ya huko imejenga mfumo wa kukata marejesho hayo kufidia matunzo ya watoto yasiyolipwa, mikopo ya elimu ya serikali kuu na kodi za majimbo. Kwetu mkopo wa elimu ya juu una njia yake. Mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara na kuipeleka Bodi ya Mikopo. Deni la benki, la chama cha akiba na mikopo, au la kikundi kilichokopeshwa na halmashauri kutoka katika asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nalo lina mkono wake wa kulidai. Kinachozungumzwa na sheria ya kodi ni deni la kodi, na mtu anayedaiwa na benki asitishwe kwamba marejesho yake yatapelekwa huko.

Mkulima wa ngano wa Basotu au wa vitunguu saumu wa Mbulu naye hayumo, kwa sababu nyingine. Mazao yasiyosindikwa yamesamehewa kodi ya ongezeko la thamani. Msamaha huo unamnufaisha mlaji, lakini aliyesamehewa hawezi kudai kodi aliyolipa kwenye vitu alivyonunua kwa kazi yake. Imeingia kwenye gharama zake na imekwisha. Nafuu anayoiona kwa macho ni ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23: anajiandikisha, anapata namba, anakwenda kwa wakala, bei inapungua pale pale dukani. Hakuna anayemuuliza kama anadaiwa chochote. Kwangu hilo ni jambo jema, na linaonyesha kwamba serikali inapotaka unafuu umfikie mtu bila kuchujwa na madeni yake, inajua namna ya kufanya.

Muuza duka mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka kwa kawaida analipa kodi kwa kukadiriwa kutokana na mauzo. Faida haiulizwi, hasara haiulizwi. Kwa hiyo naye mara chache sana atajikuta amelipa kupita kiasi kwa namna inayothibitika.

Anayebaki ni mzabuni: mtu wa Katesh anayepeleka mahindi, maharage, sukari na mafuta kwenye shule za sekondari za bweni, au wa Mbulu anayepeleka saruji, nondo na mabati kwenye ujenzi wa zahanati na madarasa. Huyu ndiye ninayemjali zaidi hapa, na hesabu yake inafaa kufanywa shilingi kwa shilingi.

Tuseme mzabuni, mtu binafsi, ameuza kwa taasisi za serikali vyakula vya milioni 150 kwa mwaka. Amevuka milioni 100, hivyo lazima aandae hesabu. Hajafika milioni 200, kiwango cha kujiandikisha kwenye kodi ya ongezeko la thamani tangu Julai 2023. Kila anapolipwa, taasisi inamkata asilimia 2 kama kodi ya zuio na kumpa hati. Kwa mwaka mzima amekatwa milioni 3. Biashara ya vyakula vya shule ina faida nyembamba, kwa sababu bei ya zabuni imefungwa mwanzoni na gunia la maharage hupanda katikati ya mwaka. Tuseme baada ya gharama zote amebaki na shilingi 9,120,000. Kwa viwango vya kodi ya mapato ya mtu binafsi, anatakiwa kulipa shilingi 816,000. Amekwisha kukatwa milioni 3. Serikali inashikilia shilingi 2,184,000 ambazo si zake.

Hapo ndipo deni linapoingia, na mara nyingi si deni analolikumbuka mwenyewe. Fremu yake anapanga kwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Sheria inamtaka mpangaji wa biashara amkate mwenye nyumba asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Katika miji midogo hili halizingatiwi sana. Mwenye fremu anataka pango lake kamili, tena la miezi sita au mwaka mkononi, na anayemtajia makato anaambiwa fremu ina watu wengi wanaoitaka. Mpangaji analipa kamili. Kwa miaka mitatu, kodi ya zuio ambayo hakuikata ni shilingi 1,080,000, na mbele ya sheria mdaiwa ni yeye, pamoja na riba na adhabu. Riba inahesabiwa kwa kujilimbikiza kila mwezi. Siku anapoomba 2,184,000 zake, afisa anafungua daftari lake lote, siyo ukurasa wa mwaka ule tu. Nusu ya marejesho inaondoka kwa kodi ya pango la nyumba ambayo si yake, na sehemu nyingine inafuata kwa riba na adhabu.

Kisheria hakuna kosa hapo. Lakini tazama kilichotokea: maombi ya marejesho ndiyo yaliyolifufua deni. Wafanyabiashara wengi husema ukidai unakaguliwa, na wengine huacha fedha zao zilale kuliko kufungua mlango huo. Uhakiki ni lazima, kwa maana bila huo watu wangetengeneza hati za zuio na risiti za kughushi na kuinyonya hazina. Hata hivyo kuna tofauti kati ya deni lililokuwepo na kufahamika kabla ya maombi, na deni lililozaliwa ndani ya uhakiki wa maombi. La kwanza likatwe mara moja. La pili ni makadirio mapya, na mlipakodi ana haki ya kuyapinga.

Haki hiyo ya kupinga nayo ina bei. Anayeweka pingamizi dhidi ya makadirio anatakiwa kwanza kulipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi asichokibishia, kile kilicho kikubwa. Kwa mzabuni ambaye mtaji wake wote umelala kwenye ankara zisizolipwa, theluthi hiyo haipatikani. Wakati huo huo kuna fedha yake pale pale TRA. Busara ingekuwa fedha hiyo itumike kutimiza theluthi, pingamizi lisikilizwe, na salio libaki limehifadhiwa bila kuguswa hadi uamuzi. Kukata deni lenye mgogoro kutoka kwenye marejesho ni sawa na kutoa hukumu kabla ya kesi. Asiyeridhika na uamuzi wa Kamishna Mkuu wa TRA anaweza kwenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na sasa ipo pia ofisi ya Msuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi kwa manung'uniko ya huduma na utaratibu. Lakini mtu wa Yaeda Chini au Basotu anayezifikiria ngazi hizo kwa madai ya milioni mbili atapiga hesabu ya nauli, mhasibu na siku za kufunga duka, na ataacha.

Sasa tugeuze daftari.

Mzabuni yule yule anadai. Shule ilichukua vyakula muhula uliopita, fedha hazijaja. Halmashauri ilipokea saruji, mkuu wa idara amehama, hati ziko kwenye faili linalotafutwa. Katika wilaya hizi mbili kuna halmashauri tatu: ya Mji wa Mbulu, ya Wilaya ya Mbulu yenye makao Dongobesh, na ya Wilaya ya Hanang kule Katesh. Madeni ya wazabuni na wakandarasi ni jambo la kitaifa. Hujitokeza kwenye ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na Wizara ya Fedha hutenga fungu la kulipa madai yaliyohakikiwa. Kwenye maneno hayo, madai yaliyohakikiwa, ndipo penye ufunguo nitakaourudia.

Kama mzabuni ni mtu binafsi anayetunza hesabu kwa fedha taslimu, ana nafuu: asicholipwa hakimo kwenye mapato yake ya mwaka. Kama amefungua kampuni, nafuu hiyo haipo. Kampuni inatakiwa kuhesabu mapato pale haki ya kulipwa inapopatikana, iwe imelipwa au la, na kodi yake ni asilimia 30 ya faida. Na kama imesajiliwa kwenye kodi ya ongezeko la thamani, hali ni ngumu zaidi. Ankara ikishatoka, asilimia 18 inapaswa kuripotiwa na kulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Serikali ya wilaya haijalipa, serikali kuu inadai sehemu yake ya malipo hayo. Mzabuni anaitoa mfukoni, au anashindwa na deni linaanza kulimbikiza riba. Na hati ya kodi ya zuio, ile ambayo ingemsaidia kupunguza deni, hutolewa malipo yanapofanyika. Hakuna malipo, hakuna hati.

Akishaingia kwenye orodha ya wadaiwa, mlolongo unajifunga wenyewe. Leseni ya biashara inahitaji uthibitisho wa TRA kwamba mambo yake ya kodi yako sawa, na zabuni nazo zinauliza. Anakosa zabuni mpya kwa sababu ya deni la kodi, deni la kodi limetokana na zabuni ya zamani ambayo haijalipwa, na fedha ya kulipia deni hilo iko kwa yule yule anayemkataa.

Nguvu za pande hizi mbili za kudai hazilingani hata kidogo. TRA ikikudai inaweza kuiandikia benki yako ikate. Miaka ya kabla ya 2021 hilo lilifanyika kwa ukali uliowakimbiza wengi, na Rais Samia Suluhu Hassan mara tu alipoingia madarakani aliagiza kukusanya kodi kwa mabavu kukome. Wewe ukiidai halmashauri, sheria ya mashauri dhidi ya serikali inakutaka utoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na hata ukishinda huwezi kukamata mali ya serikali ili ujilipe. Kinga ya mali za umma naielewa, kwani hakuna anayetaka kuona gari la wagonjwa la Dongobesh likinadiwa kwa sababu ya deni la mabati. Lakini pale sheria inapomnyima mtu nguvu ya kudai, inapaswa kumpa njia nyingine ya deni lake kuhesabika, na njia iliyo karibu kuliko zote ni hiyo hiyo ya kukatana kwenye kodi.

Uganda imepiga hatua hapa. Mwaka 2019 ilirekebisha sheria yake ya taratibu za kodi ili riba ya kodi iliyochelewa kwa sababu serikali haijamlipa muuzaji isamehewe. Hiyo ni kukiri kwamba serikali ni moja, hata kama ofisi ni nyingi. Tanzania ina sababu za kusitasita. Hoja kubwa ni udanganyifu: mtu anaweza kushirikiana na ofisa wa halmashauri kubuni deni hewa ili asilipe kodi. Hoja ya pili ni ya kibajeti. Fedha za halmashauri na mapato ya TRA hupita mifereji tofauti, na Bunge limeidhinisha kila mfereji peke yake, hivyo huwezi kuchota huku kufidia kule kwa mkato.

Hoja zote mbili nazipa uzito, na zote mbili zina jibu katika yale madai yaliyohakikiwa. Hazina inapokwisha kutuma wakaguzi, wakapitia hati ya kuagiza, hati ya kupokelea mzigo na ankara, na kukubali kwamba halmashauri inadaiwa, hofu ya deni hewa imekwisha kushughulikiwa na serikali yenyewe. Kuanzia siku hiyo, riba ya kodi inayolingana na kiasi hicho isimame. Hapo hakuna shilingi inayohamishwa kutoka fungu moja kwenda jingine, kinachositishwa ni adhabu tu. Na mzabuni mwenye deni la kodi dogo kuliko madai yake yaliyohakikiwa asinyimwe uthibitisho wa kodi. Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi iliyozinduliwa Oktoba 2024 chini ya Balozi Ombeni Sefue ilipewa jukumu la kupitia mfumo mzima. Jambo hili ni la hadhi yake.

Kuna hali moja ambapo hata ukataji wa deni halali unanisumbua. Tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang na kuifunika sehemu ya Katesh, Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walikufa. Mbele ya vifo hivyo, kuzungumzia kodi kunaonekana kama kukosa utu. Lakini waliobaki hai ilibidi wafungue duka tena, na hapo kodi inahusika.

Mwenye kuandaa hesabu hulipa kodi ya mapato kwa awamu nne: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Siku matope yaliposhuka, awamu tatu zilikuwa zimekwisha kulipwa kwa makadirio ya mwaka wa kawaida. Mtu ambaye shehena yake ya mwisho wa mwaka ilisombwa aliumaliza mwaka kwa hasara, na awamu zile tatu zikageuka kuwa kodi iliyozidi, fedha ambayo ingekuwa mtaji wa kuanzia. Ili kuipata, anatakiwa athibitishe. Mauzo yake yanajulikana, kwa sababu mashine ya risiti za kielektroniki (EFD) ilikuwa ikiyatuma TRA kila siku, na hata mashine ikisombwa taarifa zipo. Kilichozama ni upande wa pili: daftari la shehena, risiti za manunuzi, karatasi za magunia yaliyonunuliwa kwa wakulima ambao hawana mashine. Mfumo unakumbuka alichouza na haukumbuki alichopoteza. Na kama alikuwa na deni la zamani, hata kile alichofanikiwa kukithibitisha kinaanza kulilipa. Jirani yake anayelipa kwa kukadiriwa mauzo hana hata pa kuanzia, kwa kuwa hasara haimo kwenye hesabu yake.

Kwa majanga ya namna hiyo naona deni la msingi libaki, lakini sehemu ya riba na adhabu isikatwe kwenye marejesho ya mwaka wa janga. Si jambo geni kwetu. Mwaka 2018 serikali ilitoa msamaha wa riba na adhabu kwa walipakodi nchi nzima waliokubali kulipa kodi ya msingi, bila janga lolote la mlima.

Suala hili litawagusa watu wengi zaidi kuanzia sasa. Sheria ya Fedha ya 2025 imeleta zuio kwenye kodi ya ongezeko la thamani yenyewe: asilimia 3 ya thamani ya bidhaa na asilimia 6 ya thamani ya huduma, ikikatwa na mnunuzi. Mpigie hesabu muuza saruji na mabati wa Mbulu aliyesajiliwa, ambaye faida yake ni kama asilimia 6. Kwa mauzo ya milioni 100 anadai kwa mnunuzi kodi ya milioni 18, na mwenyewe alikwisha kulipa kodi ya karibu milioni 16.9 alipokuwa akinunua mzigo wa milioni 94. Kodi anayopaswa kupeleka TRA ni kama milioni 1.08. Akikatwa asilimia 3, milioni 3 zimeondoka. Amezidisha shilingi milioni 1.92 kwenye mauzo hayo peke yake, mbali na asilimia 2 ya kodi ya mapato. Atakuwa mdai wa kudumu wa TRA bila kupenda, mwezi baada ya mwezi, akibeba salio mbele au akiomba marejesho, na kila ombi litapita kwanza mbele ya daftari la madeni yake. Ankara ambazo halmashauri haijamlipa hazina ukurasa katika daftari hilo.